Nimeharibu mlango wa gari nikimkwepa baba yangu, fundi bodi

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nina mke na mtoto mmoja, naishi Kimara, Dar es Salaam. Huwa nasoma hapa barua za watu wenye mambo mazito, ndoa na mirathi, na langu ni mlango wa gari. Lakini nakuomba unisome mpaka mwisho, maana wiki nzima hii silali vizuri.

Baba yangu ni fundi bodi. Alianza mwaka 1979 akiwa na miaka 17, saidia fundi kwenye gereji moja ya Gerezani, na mpaka leo anagonga. Nimekua nikisikia habari za mwanzoni mwa miaka ya themanini, ule wakati ambao hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Mlango mpya ulikuwa haupatikani dukani. Gari likigongwa, baba alikata bati la pipa la mafuta, akaliweka juu ya mfuko wa mchanga na kuligonga taratibu mpaka likachukua umbo la madigadi. Mimi na dada zangu wawili tumesomeshwa na nyundo hizo. Ada ya sekondari, ada ya chuo, hata suti niliyovaa kwenye usaili wa kazi yangu ya kwanza, vyote vilitoka kwenye milango ya watu.

Mwaka jana nilinunua gari langu la kwanza, IST ya rangi ya fedha, kwa mkopo wa SACCOS. Siku nilipolichukua nilimpelekea baba kabla ya kufika nyumbani kwangu. Injini hakuiangalia. Alitoa kitambaa laini mfukoni, akakiweka chini ya kiganja, akalipapasa gari lote kuanzia boneti mpaka buti huku ameugeuza uso pembeni kama mtu anayesikiliza redio. Alipomaliza akasema, "Bodi safi. Rangi ya kiwandani hii, hakuna mtu aliyeigusa." Nilifurahi kuliko siku niliyopata mkopo.

Wiki tatu zilizopita, kwenye foleni ya Ubungo, bodaboda alipenya kati yangu na daladala, ncha ya usukani wake ikaingia kwenye mlango wangu wa nyuma kushoto. Akakimbia. Pakabaki bonde la ukubwa wa kisahani cha chai, na katikati yake mkunjo wa urefu wa kidole. Rangi haikutoka. Bima yangu ni ile ndogo, kwa hiyo huko sina cha kudai. Siku chache baadaye tulikutana kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, baba akaliona. Akapapasa, akacheka kidogo, akasema, "Niletee Jumapili ya mwisho wa mwezi, kazi ya asubuhi moja. Usimpe mtu akakujazia bonde kwa puti."

Mama, hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mwaka jana nilimpeleka kwa baba kaka mmoja tunayesali naye, mlango wa Noah yake ulikuwa umebonyea. Gari lilipotoka lilikuwa na mawimbi. Ukisimama pembeni saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeinama, unayaona kama bati la paa. Yule kaka ni muungwana, hakusema kwa mzee, alikuja kwangu. Nikampa shilingi 180,000 akatengeneze kwingine, nikamwomba lisifike kwa baba. Mpaka leo baba ananiuliza, "Yule wa Noah anaendeleaje?" Namjibu, "Anakushukuru sana."

Wateja wamepungua. Zamani gereji ilikuwa na vijana watano, leo yuko yeye na mmoja. Kijana wake wa zamani, aliyemfundisha tangu akiwa hana hata viatu, sasa ana gereji yake Tegeta na mambo yake ni mazuri. Baba mwenyewe anasema ni uzee tu. Usiku haendeshi tena, anasema taa za magari yanayokuja zinamtawanyikia. Meseji anazisoma akiwa ameipeleka simu dirishani.

Mke wangu alisema, "Mpe mzee pesa, usimpe gari." Sikupenda, lakini sikuwa na jibu. Ndipo nikaona mtandaoni kifaa cha kuvuta mabonde ya gari. Kwenye video mtu anabandika, anavuta, bonde linatoka, rangi haijaguswa. Nikakiagiza kwa mfanyabiashara wa Kariakoo kwa shilingi 85,000, bodaboda akakileta ofisini. Sanduku lina daraja dogo la plastiki lenye skrubu katikati, vibandiko vya plastiki vya saizi mbalimbali, bunduki ya gundi ya moto na kile kikombe cha kunyonya. Nilipanga kumwambia baba, "Limeshatoka, mzee, usijisumbue."

Jumamosi usiku, mtoto amelala, nikaanza kwa tochi ya simu. Kikombe hakikushika kabisa. Nikapasha moto kwa draya ya mke wangu, halafu nikapuliza kopo la hewa ya kusafishia kompyuta nikiwa nimeligeuza juu chini, kama nilivyoona. Nikasikia mlio mdogo tu. Nikabandika kibandiko, nikakaza skrubu. Mara ya tatu kikavuta kweli. Katikati ya bonde pakainuka kinundu kama punje ya mahindi, na kukizunguka pakabaki mtaro. Gundi ikagoma kutoka, nikaitia bisibisi, ikatoka na rangi, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Bati linaonekana.

Jumatatu nilipita kwenye gereji moja ya kisasa. Wakaniambia ningelipeleka likiwa vile lilivyokuwa, wangelinyoosha kwa nyuma bila kupaka rangi kwa shilingi 150,000. Sasa mlango wote unapakwa upya, 280,000. Jana mama amenipigia: "Baba yako ametoa nyundo zake zote, amezifuta kwa oili. Anasema Jumapili mwanangu anakuja."

Nifanye nini? Nilitengeneze haraka kabla ya Jumapili? Nimwambie nimegongwa tena? Nimwachie baba alifanye, nikubali litakavyotoka? Kila ninapofungua mlango ule namweka mtoto kwenye kiti chake, nauona mkono wangu.

Mtoto wa Fundi,
Kimara

*

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho, na nimekusoma mara tatu.

Nianze kwa kukurudishia ulichoniambia, unisahihishe kama nimekosea. Una baba aliyekulea kwa kazi ya mikono yake. Umeanza kuwa na shaka na mikono hiyo. Shaka yenyewe hujamwambia mtu isipokuwa mkeo, na mara moja umelipa pesa isijulikane. Sasa baba ameomba gari lako. Huwezi kusema "sitaki" na huwezi kusema "haya", ukatafuta njia ya tatu ndani ya sanduku la plastiki. Limeharibika kidogo, na sasa una mambo mawili ya kumficha mtu ambaye kiganja chake kinajua gari lililoguswa na lisiloguswa. Ni mzigo, nauona.

Kabla ya kukujibu nilikwenda kukaa asubuhi moja na fundi bodi ninayemfahamu, maana sikutaka kukueleza habari za bati kwa kubahatisha. Nilimsomea ile sehemu ya kifaa bila kumwambia ni ya nani. Akainuka, akachukua kopo tupu la rangi. Akalibonyeza ubavuni kwa dole gumba, likaingia, akaachia, tok, likarudi. Halafu akalichoma kwa ncha ya bisibisi akiisukuma kwa kiganja. Akaniambia, "Sasa lirudishe." Nikalisukuma kwa ndani, likatoka, lakini pale penye ncha pakabaki kidutu. Nikikibonyeza kinahamia pembeni. Akasema, "Hapa bati limevutika. Limekuwa kubwa kuliko nafasi yake. Huwezi kuliambia lirudi, unalikusanya kidogokidogo."

Nimekieleza hiki kwa urefu kwa sababu unajilaumu kama mtu aliyefanya ujinga, na mimi sioni ujinga. Bati la mlango wa magari ya siku hizi ni jembamba, halifiki hata milimita moja. Bonde pana lisilo na mkunjo, kama la mpira wa mtoto au la mtu aliyeegemea, mara nyingi linangoja kusukumwa tu, na kwa bonde la namna hiyo kifaa chako kinaweza kusaidia. Fundi huyu anacho kinachofanana nacho kwenye droo yake, anakitumia mahali ambapo vyuma vyake virefu haviwezi kupenya kwa ndani. Bonde lako lilikuwa na mkunjo wa ncha ya usukani. La hivyo, aliniambia, anafungua kava la ndani ya mlango au anapitisha chuma pale kioo kinapozamia, anaweka taa ya tyubu pembeni ili mstari wake uonekane kwenye rangi, halafu anasukuma kwa nyuma vidoa vidogo vidogo, kuanzia ukingoni kuja kati. Kinachoinuka kupita kiasi anakigonga kirudi. Mstari wa taa ukinyooka, kazi imekwisha. Ukivuta katikati peke yake, katikati panainuka na ukingo unabaki chini, ndiyo maana ukapata kinundu na mtaro wake. Na ule mlio uliousikia yawezekana ulikuwa rangi, ilipashwa moto kisha ikapigwa na baridi kali kwa ghafla. Maji ya moto na mbinu kama hizo zina nafasi yake kwenye bampa ya plastiki, kwa sababu plastiki inalainika. Rangi iliyo juu ya chuma inaweza kupasuka.

Tuliache bati kidogo, nikuulize mambo mawili matatu. Yajibu moyoni mwako, si lazima uniandikie.

Unajua nini hasa kuhusu mikono ya baba yako? Ulichoniandikia ni mlango mmoja wa Noah. Inawezekana kuna mingine hukuitaja. Inawezekana pia mlango ule ulikuwa na puti ya zamani ndani yake, au uligongwa vibaya kuliko ulivyoonekana. Lakini kuna mistari miwili uliyoiandika kwa haraka, na ndiyo iliyonifanya nirudie barua yako. Taa za magari zinamtawanyikia usiku. Simu anaipeleka dirishani. Baba ameshapita miaka sitini. Mimi si daktari, na macho ya mtu hayapimwi kwa barua, ila nimeona wazee wa kutosha wenye dalili hizo ambao tatizo lao lilikuwa mtoto wa jicho. Lenzi inafifia polepole kama kioo kilichoingia ukungu, na mwenye jicho anazoea, anasema ni uzee. Mtoto wa jicho anaondolewa kwa upasuaji, wanaweka lenzi ya bandia, na wagonjwa wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hapo Dar es Salaam kazi hiyo inafanyika Muhimbili, CCBRT na kwingineko. Inaweza pia kuwa presha ya macho, ambayo ikishachukua sehemu ya uoni hairudishi, kwa hiyo si jambo la kuahirisha mpaka sikukuu.

Nikajiuliza, fundi anayenyoosha bati kwa kusoma mstari wa taa juu ya rangi, mstari wenyewe akiuona mnene na wenye ukungu, atajuaje kwamba bado una mawimbi? Kwake umenyooka. Huenda mikono ni ileile. Huenda siyo, miaka zaidi ya arobaini ya kushika nyundo inachosha vidole pia. Sijui, na nadhani hata wewe hujui. Ila umeshafika mwisho wa hesabu, na mke wako naye, bila mzee kupelekwa kupimwa.

Swali jingine linahusu zile shilingi 85,000. Kwa baba ungetengenezewa bure. Kwa hiyo ulichonunua hakikuwa unafuu wa bei. Nadhani ulinunua ruhusa ya kutosema neno. Sikulaumu, mwanangu. Kumwambia mzazi "sitaki kazi yako", wakati kazi hiyo ndiyo iliyokuvalisha, ni jambo zito, na sijui wangapi kati yetu wangelitamka. Lakini jiulize kama kunyamaza kumemlinda yeye au kumekulinda wewe usiuone uso wake. Inawezekana ni vyote viwili.

Na la mwisho katika maswali: unaamini akikiona kile kinundu ataumia. Ataumia kwa nini? Mtu aliyefanya kazi hii tangu 1979 ameona watu wangapi waliojaribu kunyoosha kwa nyundo ya misumari na mpini wa jembe kabla hawajamletea? Yule fundi wangu alicheka kwa wema niliposoma habari ya draya. Alisema robo ya kazi zake ni kurekebisha marekebisho. Kinundu chenyewe baba yako pengine atakisoma kwa kiganja, akajua ulivuta mara ngapi. Swali litakaloweza kumchoma ni lile linalofuata: "Kwa nini hukuningoja?"

Sasa tuzitazame njia, nazo ziko nyingi kuliko ulizoziandika.

Unaweza kulipa zile 280,000 kabla ya Jumapili. Mlango utang'aa. Lakini rangi ya fedha ina chembe za metali ndani yake na ni ngumu kufananishwa, mlango mpya unaweza kusimama peke yake juani ukiwa na weupe tofauti na wa jirani. Na utampelekea gari mtu aliyekwambia kwa kinywa chake kwamba halijaguswa. Atapapasa. Utakuwa umesimama pale unangoja. Ile habari ya kugongwa tena siiongezei neno, wewe mwenyewe umeiandika kama mtu asiyeitaka.

Unaweza kumwachia baba alifanye lote. Kuna heri ndani yake, mtakuwa na asubuhi nzima pamoja, na asubuhi za namna hiyo hazirudi kwa kuagizwa. Hatari yake ni kwamba mlango ukitoka na mawimbi utauona kila siku unapomfunga mtoto mkanda, na hasira ndogondogo za kila siku zina tabia ya kumwangukia mtu asiyehusika. Utaweza kuutazama mlango wenye mawimbi na kusema "huu ni wa baba" bila uchungu? Wapo wanaoweza, na mapenzi yao ni ya kweli. Wapo wasioweza, na hao nao wanawapenda baba zao.

Kuna njia ya katikati iliyonijia niliposikia habari ya kijana wa Tegeta. Gereji nyingi tayari zinagawa kazi, fundi bodi ananyoosha, fundi rangi anapuliza. Rangi mlango wako utaihitaji kwa vyovyote sasa. Baba anaweza kunyoosha, au kusimamia kinyooshwe, na mtu mwenye macho ya kijana akaushika mstari wa taa na msasa wa mwisho. Hii inaweza kumpa heshima ya mwalimu anayetembelewa na mwanafunzi wake. Inaweza pia kumuumiza, akaona ameitwa kusimama nyuma ya mtoto aliyemfundisha. Inategemea wale wawili wameachana vipi na ni nani anayempigia mwenzake simu. Kijana akimpigia mwenyewe, "Mzee, nisaidie mlango mmoja," ni jambo moja. Wewe kumpangia ni jambo jingine kabisa.

Na inawezekana pia Jumapili hii isiwe na nyundo. Ukaenda na gari kama lilivyo, ukalionesha, ukanywa chai, mkaongea. Bonde la mlango halizuii gari kutembea. Linalohitaji haraka ni pale penye bati wazi, kwa sababu ya kutu, na hilo ni suala la dakika kumi. Hasara ya njia hii ni mzee aliyeshazifuta nyundo zake. Unamkuta amejiandaa, halafu humpi kazi. Hilo usilichukue kwa wepesi, mama yako hakukusimulia habari ya oili bure.

Na mama yako nadhani anajua zaidi ya anayoyasema. Ndiye anayeona jinsi anavyoshika kikombe, anavyotafuta kiatu asubuhi. Ungeweza kumpigia kabla ya Jumapili ukamuuliza tu, "Mama, macho ya baba yako vipi siku hizi?", ukanyamaza umsikilize. Ila tahadhari usimfanye mama kuwa mjumbe wa kubeba ulichoshindwa kusema wewe. Baba akija kugundua kwamba nyumba nzima ilikuwa inamjadili, atajiona mgeni kwake.

Kuhusu yule wa Noah, hapo sikushiki mkono kwenda kulia wala kushoto. Ukimwambia, unampa ukweli ambao huenda ukampeleka kwa daktari wa macho mapema kuliko maneno mengine yote. Unaweza pia kumvunja, fundi wa miaka yote hiyo kusikia kazi yake ilirudiwa kwa siri na aliyelipa ni mwanawe. Ukinyamaza, kila anapoulizia utaongeza "anakushukuru sana" nyingine. Kuna namna ya kusema nusu yake, kwamba mlango ule ulikuwa na mawimbi kidogo jua likiinama na uliona vigumu kumwambia, halafu ukangoja aulize mengine. Au ikawa siku nyingine kabisa, baada ya macho kupimwa, wakati habari yenyewe itakuwa na maelezo. Wewe unamjua baba yako anapokea vipi jambo zito, akiwa peke yake au mbele ya watu, asubuhi au baada ya kula. Hayo nayategemea zaidi kuliko ushauri wangu.

Mkeo usimwekee kinyongo kwa ile kauli yake. "Mpe mzee pesa, usimpe gari" ni maneno ya mtu anayeona mumewe hawezi kukataa, akamtafutia njia. Lakini huenda hajawahi kusikia habari ya bati la pipa na mfuko wa mchanga kama ulivyoniandikia mimi. Msimulie. Labda angependa kwenda nawe Jumapili, na mjukuu.

Fundi wangu amenipa maagizo ya kukufikishia bila kukujua. Usikigonge kile kinundu wala usivute tena, kila jaribio linazidi kulivuta bati na kumwongezea kazi atakayelishika. Mabaki ya gundi yatoe kwa spiriti na kitambaa, usitumie thina. Pale palipobanduka paoshe, pakaushe vizuri, kisha pabandike utepe wa karatasi ule wa mafundi rangi, maji ya mvua yasiingie. Na kifaa chako usikitupe. Alisema kama baba wa huyo kijana ni fundi wa zamani, atapenda kukiona kinavyofanya kazi.

Nilimuuliza kwa nini anadhani hivyo. Akasema yeye alipokiona mara ya kwanza alikaa nacho mchana kutwa kwenye boneti ya gari bovu, akijaribu.

Msalimie mama, na ukifika Jumapili umpe mzee salamu zangu.